Anza Shingoni

"Usiniguse! Nimesema usiniguse na hiyo mikono yako ya kuzibulia vyoo!"

"Dada, si nilikuwa nakusaidia?"

"Kunisaidia? Jana umenikamua kama shuka la kufua! Tazama!"

Akaunyanyua mkono wa kushoto. Kweli bwana, ulikuwa umejaa kama mto wa kulalia, kiwiko hata hukioni kilipo. Walikuwa hospitali, chumba cha mazoezi ya viungo. Dada kakaa ukingoni mwa kitanda, mdogo wake, fundi bomba, kasimama na mabuti yake ya kazi, na mama wa mazoezi, mfupi, kakunja mikono ya sweta, anawaangalia kama watoto waliochelewa namba shuleni.

Dada ni fundi cherehani. Tangu apasuliwe titi, kansa ikaondolewa pamoja na tezi za kwapani, mkono ukaanza kuvimba. Wiki ya pili hii mkasi haushikiki. Wa kumkanda nyumbani ni huyu mdogo wake tu, hana mwingine, na sasa kamkataa katakata. Asipokandwa, mkono utakakamaa, na cherehani ndiyo kwaheri. Ndiyo maana sauti zilikuwa juu.

"Ulimkandaje?" mama wa mazoezi akauliza.

"Kwa nguvu, na mafuta. Nimeanzia vidoleni nikasukuma juu. Maji si yanatakiwa yapande, moyo uyavute?"

"Moyo hauyavuti hayo."

"Sasa pampu iko wapi?"

"Hakuna pampu."

Fundi akacheka. Miaka kumi na minne kazini, hajaona maji yanapanda bila pampu wala tangi.

"Sikiliza," mama akasema. "Damu ikizunguka, maji kidogo yanavuja, yanabaki nyamani. Kuna vijibomba vyembamba vinayazoa. Ndani vina vali..."

"Zile za kwenda tu, hazirudishi?"

"Hizo hizo. Vyenyewe vinajikaza kidogo kidogo, na ukikunja mkono, ukivuta pumzi, vinabanwa, maji yanasogea. Njiani yanapita kwenye tezi, zinachuja vijidudu. Ulishawahi kupata mtoki?"

"Huyu?" dada akadakia, hasira bado iko puani. "Kakanyaga msumari ana miaka saba, mtoki ukamvimba kinenani kama yai! Nimembeba mgongoni wiki nzima, na alivyo mzito!"

"Basi ule mtoki ni tezi, zilikuwa zinampigania. Sasa za kwapani kwako hazipo, maji yakifika pale yanakwama. Na mwisho wa yote yanamwagika hapa," akajigusa chini ya shingo, juu ya mfupa wa mtulinga, "yanarudi kwenye damu. Wewe fundi, unaanza kufungua hapa. Halafu kifua, halafu bega. Vidole mwisho kabisa."

Fundi akashika kichwa.

"Yaani nimesukuma maji sijafungua chemba yanakotokea! Kibarua wangu angefanya hivyo ningemtimua siku hiyo hiyo."

"Jitimue basi," dada akasema, ila mdomo ulishaanza kumcheza.

Fundi akanawa mikono mpaka viwikoni. Dada akamwangalia, akamwangalia tena, akalala chali. "Ukinikamua nakupiga teke."

"Polepole," mama akasema. "Unavuta ngozi tu, kama unambembeleza paka."

Akaanza shingoni. Dada akavuta pumzi ndefu, akaishusha. Fundi akaendelea kuvuta ngozi taratibu. Alikuwa anawaza: kazi yote hii ya vijibomba, bila kelele, bila mota, usiku na mchana tangu mtu anazaliwa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kusema asante. Kama mafundi bomba tu, wanakumbukwa nyumba ikishafurika. Macho yakamlowa, akajifanya anajifuta jasho.

Baada ya nusu saa mkono haukuwa umepona, tusidanganyane. Lakini ulilegea. Dada akakunja vidole, vikakunjika. Akavikunja tena.

"Kesho asubuhi, saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Kabla hujaenda kwa wateja wako. Na kucha ukate."

"Asante, dada."

"We! Nakandwa mimi, unashukuru wewe?"

"Nashukuru umenikubali."

Dada akageukia ukutani. "Hebu toka, nifungwe bendeji nivae."

Akamshukuru na mama wa mazoezi, mara mbili, akatoka, akafunga mlango.