Matanga ya Skarvoy

Mtu akikuambia amefiwa, unamwuliza ni nani, kisha unampa pole. Ndivyo tulivyolelewa. Sasa mpangaji wangu akaingia jikoni kwangu asubuhi, nakoroga uji, akasema, "Mtani, nimefiwa." Nikaweka mwiko chini. Nikamwuliza ni mama au baba. Akasema, "Timu."

"Timu gani?"

"Skarvoy. Imekufa."

Nikaokota mwiko wangu nikaendelea kukoroga.

Huyo ni Gervasi, Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi wetu hapa Ujiji, Mnyamwezi, mtu mrefu, mpole mpaka anakera. Alikuwa mwaka wa sita kwenye chumba changu cha uani. Mimi ni Mwamini, mjane, Mmanyema, na ulimi wangu mtaa mzima wanaujua. Wanyamwezi na sisi tumetaniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumwambia lolote, na ruhusa hiyo sikuiacha ioze.

Hiyo Skarvoy ni ya Norwei. Baada ya Uhuru serikali ilimpeleka huko kusomea uvuvi, kwenye kisiwa cha mawe kaskazini kabisa ya nchi. Mweusi alikuwa yeye tu. Watu hawakujua la kumwambia, naye hakujua la kuwaambia. Alikula peke yake, akatembea peke yake, na majira ya baridi jua lenyewe halikuchomoza. Mpaka siku moja mwoka mikate, ambaye ndiye aliyekuwa golikipa wa timu ya kisiwa, akaja kugonga dirisha lake kwa mpira. Alimwonyesha mpira tu. Tangu siku hiyo Gervasi akawa na kwao.

Alirudi Tanzania na jezi moja nyekundu ya mikono mirefu, na historia yote ya timu kichwani. Mke alikuwa naye, akamwacha akarudi kwao Urambo. Mtoto hakujaliwa. Basi kila jioni akitoka mwaloni, mitumbwi inakopakulia samaki, anakaa kwenye kigoda pale uani, mimi nachambua dagaa, na yeye anaanza.

Timu iliundwa na wavuvi mwaka 1919. Kisiwa chote kilikuwa jabali, hakuna pa kuchezea. Basi mashua zilizorudi tupu kutoka bara zikawa zinapakia udongo, na wanawake wakaubeba kwa vikapu, wakaumwaga kati ya miamba mpaka ukawa uwanja. Nikamwambia, ona sasa, wanaume ndio wanaotaka kucheza, wanawake ndio wachukuzi. Walitwaa kombe la kaskazini mara mbili. Wajerumani walipoiteka nchi wakataka michezo iendelee chini yao, na Skarvoy pamoja na wanamichezo wengine wakatundika viatu mpaka vita vikaisha. Ila kombe la taifa walikuwa hawaruhusiwi kuligombea. Wakubwa wa kusini walisema kaskazini ni mbali mno, na mpira wao bado mchanga. Hapo sikumtania. Sisi tunaokaa mwisho wa reli maneno hayo tunayajua.

Waliruhusiwa mwaka 1963. Wakasafiri kwa meli, wanatapika njia nzima, wakashuka wakaifunga timu ya mji mkubwa mbili bila. Mzunguko uliofuata wakatolewa. Waliporudi, kisiwa kizima kilikuwa gatini, utadhani wamelileta kombe lenyewe.

Na Gervasi naye alifunga goli lake, moja, miaka miwili baadaye. Alikuwa ameligeuzia lango mgongo, upepo ukaupeperusha mpira, ukampiga mgongoni ukaingia. Tena mechi yenyewe, anasema, ilichezwa saa sita ya usiku na jua linawaka. Nikamwambia, "Mtani, hata uongo una kipimo." Mimi ndiye niliyelitoa hilo jina la Goli la Mgongo, na likaenea mpaka Bangwe, vijana wakawa wanamwita hivyo hata akiwa kazini. Yeye alitabasamu tu. Nikadhani hajali.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile ya uji, tulisikia kuna Mnorwei amefika bandarini Kigoma kutazama injini za boti. Gervasi alivaa jezi yake ndani ya shati akaenda mbio. Alirudi kwa miguu, kutoka Kigoma mpaka Ujiji, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuniambia kitu, mpaka alipoingia jikoni na habari za kufiwa.

"Alikwambia nini huyo Mnorwei?" nikamwuliza.

Akasema serikali ya kule iliwapa watu wa visiwa vidogo msaada wahamie mijini, penye shule na hospitali. Wakaondoka nyumba moja baada ya nyingine. Mwisho wa yote timu ikakosa watu kumi na mmoja, ikafutwa. Milingoti ya magoli imeng'olewa. "Nyumba zipo, mtani," akasema. "Mapazia bado yamo madirishani. Watu ndio hawamo."

Mkono wangu ukasimama juu ya sufuria. Uji ukaanza kushika chini.

"Naweka matanga," akasema. "Nawe ndiye mtani wangu."

Nilijua anachoniomba. Kwetu tanga haliondolewi bila mtani. Watu wanakaa chini, wanalia, siku ya tatu mtani anakuja, anavaa nguo ya marehemu, anamwigiza, anamsema, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao usoni. Hapo ndipo mrithi anatajwa na jamvi linakunjwa. Mtani asipokuja, mfiwa atainuka vipi?

Nikamwambia siji. Tena nilikuwa mkali. "Mauti si mchezo, Gervasi. Ukitaka kuchekwa na Ujiji nzima, chekwa peke yako."

Akatandika jamvi mbele ya chumba chake, akavua viatu, akaikunja ile jezi akaiweka mbele yake, akakaa. Msiba wa wengi harusi, walisema wahenga. Msiba wa mtu mmoja hawakuusemea. Siku ya kwanza vijana walichungulia juu ya ua, wakacheka, wakaenda zao. Siku ya pili akaja jirani yetu Mzee Mwinshehe, aliyesikia tu kwamba kwa Mwamini kuna msiba. Akakaa, akatoa pole, akauliza marehemu ni nani. Alipoambiwa, akainuka akakung'uta kanzu yake. "Mungu akusaidie, mwanangu," akasema, akatoka. Siku ya tatu hakuja mtu. Nilipita na ndoo, nikapita tena na ufagio, Gervasi hakuinua macho. Alikuwa amekaa vilevile, na nafasi ya watu ishirini iko tupu kwenye lile jamvi.

Nilimchukia siku ile. Kweli nilimchukia, na najua chuki ilitoka wapi. Mimi nilizaliwa Nyamkombe, kitongoji cha wavuvi kusini ya hapa, unakwenda kwa mtumbwi. Wazee wetu walivuka kutoka Kongo wakajenga pale. Mwaka huohuo wa matanga, 1974, Operesheni Vijiji ilipofika, watu wa Nyamkombe walihamishiwa kijiji kipya huko juu, mbali na maji. Dada yangu Mwanakombo alikuwa mmoja wao. Nilikwenda kumuaga, nikachelewa. Nilikuta milango imefungwa, hakuna mtu hata mmoja, na mchanga wa kuanikia dagaa umefagiwa safi. Nikarudi Ujiji, nikaendelea kukaanga maandazi yangu. Hakuna aliyenipa pole, maana hakuna aliyekufa. Na huyu bwana anakuja kunililia kisiwa cha Wazungu.

Alasiri nikanawa mikono, nikamwendea.

"Lete hiyo jezi kabla sijabadili nia."

Nikaivaa juu ya gauni, khanga nikaitupa jamvini. Nikawa mwoka mikate, nikamgongea dirisha. Nikawa wanawake wa vikapu, nikawatukana wanaume wote wa Skarvoy kwa uvivu wao. Nikawa mabingwa wanaotapika melini. Kisha nikawa Gervasi, nikakimbia kinyumenyume, jua la saa sita ya usiku linaniunguza, mpira ukanipiga mgongoni, nikajikwaa kwenye ndoo nikaanguka chali. "Goli!" nikasema nikiwa palepale chini. Gervasi alicheka mpaka akajishika mbavu, na machozi yanamtoka.

Ikabaki siku ya mwisho ya Skarvoy. Mtani huigiza na mauti yenyewe. Basi nikawa mtu wa Skarvoy anayehama. Nikafunga mlango. Nikautikisa kuhakikisha umefunga. Kisha nikainama nikaanza kufagia kwa mkono, nikafagia, nikafagia, na nilipotaka kuacha sikuweza.

"Huyo ni nani, mtani?" akaniuliza taratibu.

"Nyamkombe," nikasema. Nikakaa chini nikalia, nikamwambia yote, habari za Mwanakombo na za ule mchanga.

Sasa mtani akilia, kazi imeharibika. Gervasi alisogea karibu nami jamvini. Kisha akachukua khanga yangu akajifunga kichwani, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita, mtu yule mpole akanitania.

"Watu wa Nyamkombe," akasema, "wabishi kupita kiasi. Nilikwenda kuwafundisha kuanika dagaa kwenye chanja. Wakanifundisha mimi kunyamaza. Lori limekuja kuwachukua, majogoo wamekwisha panda, wamekaa, wenyewe bado wanabishana nani akae mbele."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndivyo walivyokuwa hasa.

"Skarvoy anairithi nani?" akauliza, maana ni lazima iulizwe.

Nikajitazama nilivyovaa. "Mimi."

"Na Nyamkombe?"

Ndugu zangu wote walikuwa wametawanyika.

"Mimi," akasema. Akavua khanga akanirudishia, tukalikunja jamvi, yeye ameshika huku, mimi nimeshika kule.

Mwaka uliofuata alipewa uhamisho wa Mwanza, na baadaye nikasikia amepelekwa mbele zaidi, hakuna aliyejua ni wapi. Jezi aliniachia. Chumba kile anakaa fundi cherehani, na nikimwanzia habari za udongo wa vikapu anaingia ndani anafunga mlango. Sasa jioni nachambua dagaa peke yangu, na hadithi ninayo, wa kumsimulia sina. Upweke wa namna hii ndio niliokuwa nikimchekea mwenzangu.

Gervasi sijui yuko wapi siku hizi. Ila popote alipo, najua kuna watu wamechoka kusikia habari za Nyamkombe.