Kimya Kwenye Kona ya Mashujaa

Pantaleo alirudi kutoka vita vya Kagera na miguu yake miwili, mikono yake miwili, na masikio ya kupambia kichwa. Kombora lililipuka karibu naye akiwa ameshika machela, na tangu hapo dunia ikamfungia mlango. Sikio la kushoto lilibaki na upenyo kidogo: ukimpazia sauti kama mnadi samaki, alipata neno mojamoja. Mengine aliyasoma midomoni mwa watu.

Jeshi lilimshukuru, likampa mkono wa kwaheri. Akapanga chumba Ilala, kichwani ana jambo moja tu: afanye mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa wa nje, apate chuo cha waganga wasaidizi. Wengi aliowabeba walimfia njiani kwa sababu hakujua pa kubana damu isitoke. Hilo lilimuuma kuliko uziwi.

Kitabu cha baiolojia hukukipata Kariakoo nzima. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni. Kilikuwapo kimoja, kwenye maktaba ndogo nyuma ya soko, tena cha kusomea humo humo. Kutoka nacho mlangoni, marufuku.

Taabu ni kwamba Pantaleo hakuweza kusoma kimya. Asipotamka, maneno hayakukaa. Aliweka kiganja kooni, akatamka, neno likamtetema vidoleni, hapo ndipo akalishika. Akaanza na mzunguko wa damu, na mwenyewe aliamini ananong'ona.

Mzee Umakant, aliyekuja kila asubuhi kusoma gazeti, alimwinamia sikio la kushoto. "Askari, damu yako imefika mpaka Magomeni. Mimi nasoma bei ya pamba, naona damu tupu."

Wasomaji wakacheka. Pantaleo hakusikia kicheko, ila alikiona.

Scholastika, mpanga vitabu wa pale, akamshika mkono akampeleka stoo, kwenye vitabu vilivyochanika. Akapangusa meza.

"Humu piga kelele utakavyo, kaka," alisema, akivuta maneno polepole ili midomo isomeke. "Utawaamsha panya tu."

Basi Pantaleo akasoma. Jioni, kabla ya kufunga, Scholastika alimuuliza maswali. Akikosea, dada alitikisa kichwa. "Mgonjwa wako kafa huyo. Rudia." Akarudia. Akaumaliza moyo, akaumaliza mfumo wa mapafu, akafika kwenye figo, na mtihani unakaribia. Maktaba ilimsaidia mpiganaji hasa, na hapakuwa na bango la kuutangaza msaada huo.

Bango lilikuja na Ndugu Eliasi, mkuu wa maktaba. Alisikia wakubwa wanataka mashujaa waenziwe, naye hakutaka kupitwa. Ikajengwa Kona ya Mashujaa katikati ya ukumbi: zulia, kabati la kioo, viti vya mninga. Pantaleo akaambiwa aje na sare yake.

Siku ya sherehe alikalishwa mbele. Mgeni rasmi alihutubia, lakini kipaza sauti kilimziba mdomo. Pantaleo hakuambulia hata neno. Aliona watu wanapiga makofi, wengine wamemgeukia yeye, wanatabasamu. Naye akapiga, kwa nguvu, kiaskari. Picha ikapigwa.

Soda zilipokwisha akaelekea stoo. Akaikuta imejaa viti vya zamani mpaka dari. Scholastika alikuwa mlangoni na kufuli mkononi.

"Kumesemwa nini kule?"

"Mgeni kasema ni aibu shujaa kufichwa stoo na panya. Kuanzia leo utasomea Kona, watu wakuone." Dada akabana kufuli mlangoni. "Na wewe kaka ulipiga makofi kuliko wote."

Kesho yake alikaa kwenye kiti cha mninga, akaweka kiganja kooni, akaanza. Ndugu Eliasi akamgonga bega, akamwonyesha kibao ukutani: KIMYA.

"Huyu asipotamka hashiki kitu," Scholastika alisema.

"Asome kwa macho. Macho hayakujeruhiwa."

Hayo Pantaleo aliyasoma midomoni, yote.

"Mwacheni," Mzee Umakant aliingilia. "Damu yake mimi nilishaizoea."

"Utaratibu ni utaratibu, mzee."

Akasoma kwa macho. Kurasa zilimpita kama maji juu ya jani la mgomba. Wageni wakiletwa waliona askari na kitabu, wakaridhika. Kwenye mtihani aliandika mpaka figo, akaweka kalamu chini. Chuo hakikumwita.

Miezi baadaye Scholastika alishuka Shimoni, chini ya soko la Kariakoo, kununua nyanya. Katikati ya makelele ya wauzaji akasikia sauti anayoijua: mpagazi mwenye gunia la viazi mgongoni, anatamka kwa nguvu jinsi damu inavyotoka moyoni kwenda mapafuni, ikarudi, ikashuka kwenye figo. Hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha. Mle kila mtu anapiga kelele.

Alimngoja atue gunia, akamsogelea sikio la kushoto. "Halafu, kaka? Baada ya figo?"

Pantaleo alijifuta jasho, akamtazama midomo, kisha macho.

"Halafu, dada, hapo ndipo mlipofunga mlango."

Akainama, akabeba gunia jingine.