Gogo Lisilotua

Mcheza kwao hutunzwa, husema watu. Labda huko kwao. Mbareni, juu kabisa ya milima ya Upare upande wa Same, mchuma kwao hukamatwa. Msitu ambao mababu waliuacha umesimama, wakati wenzao wa bondeni walikata yao wakaisahau, siku hizi una geti, geti lina kufuli, na kufuli lina bwana. Ukitaka kuni kavu, kibali. Ukitaka kamba za porini za kufungia banda la mbuzi, kibali.

Rogathe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Blessing, hakuwa na ugomvi na kibali. Alishawaona wezi wakishusha mbao za mkulo, ule mti ghali wenye harufu kali, kwa pikipiki bila taa, na mtu aliyeona hayo haulizi kwa nini msitu una mlinzi. Basi ndiva ilipoharibika, hakwenda msituni kwanza. Aliteremka Same, akaketi kwenye benchi la ofisi ya misitu mpaka wenye ofisi wakachoka kumwona, akarudi na karatasi yenye muhuri: gogo moja la mkulo, lililoangushwa na upepo, kwa matengenezo ya ndiva.

Ndiva ndiyo roho ya Mbareni. Ni bwawa la mawe na udongo lililojengwa na ukoo zamani. Usiku hukusanya maji ya kijito, asubuhi hufunguliwa, maji yakateremka kwenye mifereji hadi kwenye tangawizi na maharage. Sasa kizingiti cha mdomo wake, lile gogo linaloshika kizibo, kilikuwa kimeoza. Maji yalivuja usiku kucha, na asubuhi ndiva ilibaki na tope la kuogea nguruwe. Majani ya tangawizi yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Yasipopata maji juma lile, ada za shule za Mbareni zingekauka nayo.

Na kizingiti hakiletwi hivi hivi. Ukuta wa ndiva hujengwa na wanaume, mdomo huletwa na wanawake. Wanaume wana utani wao juu ya hilo, na wanawake wana majibu yao. Gogo hubebwa mabegani kutoka msituni, na haliruhusiwi kugusa ardhi mpaka liguse maji. Likilala njiani, maji nayo hulala njiani. Asiyeamini huoneshwa Kidimbwi cha Walevi, pale kwenye kona ya barabara, ambapo wanawake wa zamani walilitua gogo wakanywa dengelua. Pana tope mpaka leo, kiangazi na masika, na ndiva ya mwaka ule haikujaa kamwe.

Siku hiyo walikuwa wanawake kumi na ushei, Rogathe mbele, mama mkwe wake Bibi Eliakunda pembeni na fimbo yake, akiongoza wimbo wa kanisani uliokwishageuzwa mwendo ukafaa kupanda na kushuka. Mkulo ulinukia shingoni mwao. Wakafika getini.

Aliyekuwa getini ni Vitus, kijana wa Ugweno, mgeni wa miezi michache katika kituo kile, viatu vyake bado viking'aa.

"Shikamoo, bibi. Shikamooni, akina mama."

"Marahaba."

Alisoma kibali, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Hakikuwa na kasoro. "Vizuri. Sasa litueni. Gogo la mkulo halipiti hapa bila kugongwa nyundo ya serikali."

"Gonga," alisema Rogathe.

"Nyundo iko njiani, inaletwa kwa bodaboda kutoka kituo cha chini. Na gogo hugongwa likiwa chini, mama. Ndiyo taratibu. Litueni mpumzike."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye mzigo.

"Kaka," alisema Rogathe, "hili halitui. Likitua hapa, hapa getini pako patakuwa ziwa, na sisi tutakufa njaa tukikuangalia unaogelea."

"Mambo ya mizimu hayo."

"Mizimu?" Bibi Eliakunda alisogea na fimbo yake. "Mimi ni Mlutheri tangu mama yako hajafikiriwa. Sanduku la Agano lilibebwaje, mjukuu wangu? Kwa toroli? Uza alinyoosha mkono kulishika, akafanywa nini?"

Vitus alikuwa Mkatoliki, lakini hilo alilijua. Akajikuna shingo. "Bibi, mimi sikatai mila. Nakataa kesho kuulizwa kwa nini mkulo umepita bila alama. Wezi nao wana hadithi zao."

Hapo Rogathe alimheshimu kidogo. Lakini kidogo tu.

"Basi tutasubiri," alisema.

"Mtasubiri na hilo begani?"

"Wewe si Mpare? Husikii wanavyotusema? Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kufuata kesi ya kuku. Ng'ombe wangu ndiyo haya mabega."

Wakasubiri.

Jua lilipita juu ya geti, likaanza kuegemea upande wa tambarare. Bega la kulia likichoka, Rogathe aliita, "Haya!" na wote wakainama, wakahamishia la kushoto kwa pamoja, gogo likayumba angani kama mtu anayegeuka kitandani. Shingo yake ilikuwa inawaka. Maumivu yalimteremka mgongoni mpaka kiunoni, na alijua wazi kwamba akipiga goti yeye, wote watapiga. Hakupiga. Aliitazama kofia ya Vitus, akaichukia kwa utulivu, ikamsaidia.

Habari milimani haina haja ya simu, ingawa simu zilipigwa. Mwanamke aliyekuwa akirudi shambani alitua jembe lake, akaingia chini ya gogo pasipo kuulizwa, aliyekuwa pale akatoka kunyoosha mgongo. Akaja mwingine. Akaja Asteria, muuguzi wa zahanati, na sare yake nyeupe. "Nimetoka kazini sasa hivi," alisema. "Nani anataka kukojoa? Aende, nimeshika." Walikuja hata wanawake wa Kikatoliki wa kitongoji cha pili, ambao ndiva yao ni nyingine na walikuwa na kesi ya mpaka na Mbareni tangu enzi za babu zao. Kesi iliwekwa pembeni kwa mchana ule tu, walisema wazi, isije ikadhaniwa vingine. Mtu alileta sufuria la makande, na waliobeba wakalishwa kwa kijiko wakiwa wamesimama, kama maharusi.

"Mpe na afisa," alisema Rogathe, mdomo umejaa. "Naye amechoka kututazama."

Vitus alikula. Alikula amesimama pia. Aliona haya kukaa.

Nyundo ilifika jioni ikianza. Vitus aliipokea kutoka kwa bodaboda, akaja mbele ya gogo, akasita. Kichwa cha gogo kilikuwa sambamba na sikio la Rogathe.

"Mama Blessing, nakuomba. Tueni sekunde moja tu. Nikigonga hivi nitawaumiza."

"Gonga."

"Nikikukosea?"

"Utakuwa umenikosea. Gonga."

Aligonga kwa woga. Alama haikushika. Wanawake wakaguna kwa dharau, kama wanavyomgunia mkwe anayekata kuni vibaya.

"Gonga kama mtu aliyekula makande!" alipiga kelele Asteria kutoka nyuma.

Vitus alivuta pumzi, akagonga. Mshindo uliingia kwenye gogo ukapita kwenye mabega yote, mmoja baada ya mwingine. Rogathe aliuhisi kwenye meno. Miguu yote iliteleza nyuma kidogo kwenye vumbi, ikasimama. Alama ilikuwa imeng'ata mti, safi, inasomeka. Hakuna aliyepiga goti.

Geti likafunguliwa.

Walipofika kwenye ndiva wanaume walikuwa wameshachimbua mdomo wa zamani na kusimama wamevua kofia. Gogo liliteremka kutoka mabegani moja kwa moja hadi kwenye maji machache yaliyobaki, likagusa maji kabla ya kugusa kitu kingine chochote duniani. Bibi Eliakunda alipiga kigelegele kilichorudi kutoka mlima wa pili. Udongo ukashindiliwa, kizibo kikakaa, na kijito, ambacho kilikuwa kikipita siku zote kama mgeni asiye na haraka ya kukaribishwa, kikaanza kuijaza ndiva.

Vitus alikuwa amewafuata. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Eliufoo, alimvuta Rogathe kando, lakini kwa sauti ya mwenyekiti, ambayo husikika na wote.

"Mama Blessing, kazi mmefanya. Lakini huyu kijana ni mtu wa serikali, na amekaidiwa hadharani mchana kutwa. Siku zetu za kuingia msituni kuokota kuni ziko mikononi mwake. Mwambie samahani tu, neno moja, yaishe."

Vitus alitazama viatu vyake, vilivyokuwa sasa na tope. "Siyo lazima iwe ndefu," alisema. "Niandike tu kwenye ripoti kwamba mmeomba radhi."

Wanawake wote waligeuka. Rogathe alijipangusa shingo, ngozi ikiwa imechubuka, na kiganja kikarudi na damu kidogo na harufu ya mkulo. Alifikiria kuni. Alifikiria jiko la kila mwanamke aliyesimama pale.

"Mdogo wangu," alisema, "andika tulikuwa na kibali. Andika tulisimama getini mpaka nyundo yako ikafika, na umetugonga, na hatukuanguka. Andika gogo lina alama yako, na halina vumbi la barabara. Siku ya kuni nitakuja na kibali mkononi kama siku zote, nawe utanifungulia kama siku zote. Hayo yote ni kweli, yaandike. Radhi usiandike. Siombi."