Mkeka wa Kalsong

Asubuhi ya matembezi ya kwanza, Bronwyn alifungasha mikate ya jibini, akampaka binti yake mafuta ya kuzuia jua, kisha akakuta maiti imekaa kiti cha nyuma cha gari. Ilikuwa ya kijana mpana wa mabega, aliyejifunika wavu mweupe, ule unaotandazwa juu ya mizabibu kuzuia ndege.

"Mwambie afunge mkanda," alisema Darryl, mumewe, akiwasha gari.

Kijana akafunga. Paa la nyumba yao ya Perth lilikuwa likiezekwa upya, kwa hiyo walikuwa wamepanga huku kwenye mashamba ya mizabibu, karibu na bahari, kwa msimu mzima. Hakuna aliyetaka kuuanza kwa ugomvi.

Walimpeleka ufukweni, wakampeleka mapangoni, wakampeleka kuonja divai. Darryl hakuonja, maana ndiye dereva. Mgeni alimiminiwa kidogo, akazungusha glasi, akasukutua, akatema kwenye ndoo kama watemavyo waonjaji wote. Kilichotoka kilikuwa changarawe nyekundu. Mhudumu akaisuuza ndoo, akauliza kama wangependa na ile ya mwaka juzi.

"Anko, mbona huvui wavu?" Imogen, binti yao, aliuliza wakirudi.

"Umefungwa kwa chini."

Ndipo akaeleza. Jina lake Kalsong, mtu wa Vanuatu, alikuja na wenzake kufanya kibarua cha zabibu. Mwaka ule miti ya mari haikuchanua, ndege wakakosa asali msituni wakahamia shambani, na nyavu zikatandazwa mbiombio juani. Yeye alitambaa chini ya mizabibu kufunga pindo kwa ndani. Wenzake wakafunga la nje, wakaondoka. Joto likammaliza humohumo. Neville, msimamizi wa vibarua, akamfukia mwisho wa mstari, karibu na bwawa, akatangaza kwamba katoroka kazi.

"Mama yangu kaambiwa mimi mtoro," alisema Kalsong. "Kwetu hiyo ni aibu ya ukoo, dada. Siku hizi kanisani anakaa nyuma kabisa. Mwambieni nilifia kazini, anisukie mkeka wa kuzikiwa. Bila mkeka silali."

Bronwyn alikasirika. Angeweza kumpigia simu mama mtu papo hapo. Lakini alikuwa mwanamke wa taratibu, akaamini neno la polisi lina uzito kuliko la mpangaji. Akawaita polisi.

Sajenti Pruett alifika, akavua kofia, akampa Kalsong mkono.

"Huyu ndiye yule mtoro?"

"Hakutoroka, amekufa! Kafukiwa kule bwawani. Nenda ukachimbe!"

"Nichimbe nimtafute nani, dada, na mwenyewe huyu hapa? Aliyepatikana hatafutwi."

Akampigia Neville. Neville akaja na gari la kazi, uso umemkunjuka, maana watu walikuwa wamempungukia na zabibu zimeiva.

"Umetutia presha, bwana wewe! Haya, panda."

Kalsong akapanda. Tangu siku ile alichuma bila kunywa maji wala kupumzika, na Neville akawa anasema laiti angepata kumi kama huyo. Familia iliendelea na matembezi yake. Imogen alifunga mkanda wa kile kiti kitupu kila waliposafiri.

Siku ya kuhama, Bronwyn alishindwa kuvumilia. Alishuka hadi mstari wa mwisho, akamwomba Kalsong namba ya mama yake, akapiga, akaweka spika. Alipotaja tu jina la Kalsong, sauti ya mwanamke ikamdaka juu kwa juu.

"Yuko hapo? Polisi wamenipigia, mwanangu, umepatikana! Jumapili nimekaa mbele kabisa, wote wamenipisha. Na mimi mjinga, moyo ulinidanganya umekufa, nikaanza kukusukia mkeka kwa siri. Ulibaki upindo tu. Jana nimeufumua wote."

Bronwyn alifungua kinywa. Kalsong akamtikisia kichwa, akaisogelea simu.

"Umefanya vizuri, mama," alisema. "Nipo kazini."

Kule juu Darryl alipiga honi. Kalsong akachukua ndoo yake, akainama, akaingia tena chini ya mizabibu.