Jina la Nne

...polepole, Kache, mimina polepole, maji yakikwisha itabidi ukaongeze jikoni na jina la nne litaitwa ukiwa huko, na wewe ndivyo ungependa, muoga mkubwa... babu ameketi kwenye kiti chake cha mbao, mikono juu ya beseni, vidole vinene vya mtu aliyeunganisha mabehewa ya reli miaka thelathini na moja, na kila Krismasi ni hivi hivi hapa kwake Makupa, hakuna agusaye pilau mpaka mjukuu wa kwanza amnawishe mzee, na mzee huku akinawa aite wajukuu mmoja mmoja, mkubwa hadi mdogo, kila mmoja aitike, ndipo tule, "Kache," ameshasema, nami nimeitika nipo babu, sauti ikanitoka nyembamba kama si yangu, sasa anasugua kiganja, hana haraka, wa pili ni Chengo wa shangazi, wa tatu Caroline, wa nne ni Kenneth, ndugu yangu, na Kenneth tumemzika Kaloleni tangu Machi na babu hajui.

Hajui kwa sababu mimi nilisema asijue, si baba, si bibi, ni mimi, daktari alikuwa amesema moyo wa mzee umechoka, asipewe habari za ghafla, na kwa kuwa mimi ni nesi wote walinitazama mimi, lori alimokuwa Kenneth limepinduka njia ya Voi, maiti bado iko mochari, nami nasimama katikati ya watu wazima natoa amri, babu asiambiwe, tutasema Kenneth amepata kazi melini, yuko Durban, wakakubali, hata baba yangu aliyekuwa akilia akakubali... "Chengo!" "Nipo, babu!" Chengo yuko mlangoni, macho kayakazia lile tawi la mvinje, mti wetu wa Krismasi, ndani ya kopo la rangi, pamba na mabaluni, anasoma baluni kana kwamba limeandikwa, anajua nani anafuata baada ya Caroline, sote tunajua, "Kache we, taratibu, wamlowesha mzee," anasema bibi Zilpah, nasema samahani bibi, yeye hanitazami, hajanitazama vizuri tangu Machi, siku ya mazishi alimuaga mumewe kwamba anakwenda kongamano la akina mama wa kanisa, akavaa kitambaa chake cheupe, mke wa miaka hamsini akamdanganya mume kwa amri ya mjukuu, na tangu hapo macho yake ni mekundu na anasema ni moshi wa makaa, siku zote moshi wa makaa... na zile barua, Mungu wangu, zile barua, kila mwisho wa mwezi natoka Ganjoni na karatasi mkobani, naketi hapo karibu na miguu yake, nimeshika ratiba ya zamu za wodi na ninasoma, babu mpendwa, huku Durban kuna baridi, chakula ni kizuri, nakukumbuka wajina wangu... kwa maana Kenneth ndiye aliyepewa jina la babu, Gunga, kwetu mwana wa kiume wa kwanza hulibeba jina la babu yake, basi hawa wawili hawakuitana babu wala mjukuu, na kila Krismasi zamu yake ikifika mzee huita jina lake mwenyewe, "Gunga!", na Kenneth hujibu "Gunga yupo, Gunga ana njaa!", nasi hucheka kila mwaka kama ndiyo mara ya kwanza, nami nilimsomea wajina wangu kwenye ratiba ya zamu, sikutetemeka hata kidogo, mpaka Agosti aliponishika mkono akasema, "Usinisomee nyengine, mjukuu wangu, wachoka bure," na tangu siku ile hajauliza tena Kenneth yu wapi, nami nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, nikasema uzee umeanza kumsahaulisha, afadhali... "Caroline." "Nipo, babu." Sasa. Niseme yuko Durban, sauti ya kawaida, meli haikupata ruhusa, atakuja Pasaka, bibi ameacha kupakua, mwiko umesimama, na mikono ya babu imesimama, maji yanaangukia mikono iliyotulia, amefumba macho, midomo imefunguka kidogo... na kimya hiki kina urefu wa jina kuitwa, na mtu kuitika, na watu kucheka... "Joy."

Joy, wa tano, hakuitika, hakutarajia, "Joy, umelala?" "Nipo, babu," na babu anaendelea kusugua, amesahau, hapana, mtu huyu bado anakutajia kila stesheni mpaka Voi bila kuruka hata moja, hakusahau, ameacha nafasi yake, ameipa muda wake wote kisha akapita, anajua, anajua tangu Agosti na labda kabla, nani alikwambia, babu, au Taib wa jirani alikuja kwa wema wake kukupa mkono wa pole, ulimjibu nini, ulilia wapi katika nyumba hii ya vyumba viwili, bibi akilia jikoni na wewe chumbani, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akimficha mwenziwe kwa sababu yangu, na Durban ile uliisikiliza ukiwa umeinamisha kichwa, ukaniacha nisome ili nisiaibike, mimi nilidhani ninakutunza, naona haya, babu, nimekunyima kaburi la mtoto, nimekunyima kutupa udongo juu ya jina lako, na Jumamosi zote nilizokupima presha sikumuona mfiwa aliyekuwa mbele yangu... "Maji yametosha, Kache," anasema bibi, wala hayajatosha, bado ninamimina, na mdomoni nina neno moja ambalo Machi tuliambiwa sote na kila mtu, isipokuwa wewe, pole, babu, pole.