Waziri Aliyekunywa Chai Kwanza

Emily alianika karatasi za Waziri kwenye kamba ya nguo nyuma ya maktaba ya kanisa, mjini Machakos, kwa sababu zilikuwa zimefika na unyevu na harufu ya mbwa. Waziri mwenyewe alikufa zamani huko Uingereza. Enzi za vita vya Mau Mau ndiye aliyesimamia kambi za vizuizini, na sasa wajukuu wake, walipochoshwa na maboksi darini, waliyatuma huku pamoja na salamu nyingi.

Zilipokauka, Waziri aliingia kwa mlango wa nyuma, kaptura imepigwa pasi, akaketi kwenye meza ya Emily. Emily akampa chai. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, lakini Mkamba gani humuuliza mgeni shida yake midomo ikiwa bado mikavu?

"Chai hii hapana moto," alisema Waziri, akainywa yote.

Nyuma yake wakaingia wafungwa aliowaandika kwenye karatasi zile, vijana wembamba wenye namba zilizoshonwa kifuani. Wakachuchumaa ukutani. Emily alipong'amua aliyekalia kiti chake ni nani, alikuwa amechelewa. Mtu aliyekunywa chai yako humfukuzi, wala humtukani ndani ya nyumba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ni kweli, lakini jembe la kumpa Waziri halikupatikana Machakos nzima.

Habari zikafika Wamunyu, kwa bibi mmoja aitwaye Ndila. Babake, Muindi, alikamatwa Ndila akiwa bado tumboni, na hakurudi. Nafasi ya kaburi lake iliachwa kando ya la mkewe, mahindi hayapandwi hapo hadi leo. Ndila alitaka kumlaza babake pale kabla yeye mwenyewe hajalazwa. Hakuwa na ombi lingine duniani.

Alipofika maktaba, alimtambua babake kwa masikio, yale yale ya kitinda mimba wake. Muindi alikuwa mdogo kuliko wajukuu wa Ndila.

"Twende nyumbani," Ndila alimwambia.

"Siwezi toka, mama. Bwana Mkubwa hajasaini."

"Mimi si mama yako. Mimi ni mtoto ya Kaluki. Ile mimba uliacha."

Muindi alimtazama mvi, kisha mikono, akalia. Ndila naye akalia. Emily akawaletea uji.

Amri ya kumwachilia ilikuwepo, imepigwa taipu vizuri, imebakiza sahihi tu. Kila asubuhi Waziri aliiweka mbele yake, akainua kalamu, halafu akakumbuka barua ya mkewe kuhusu mbwa wao aliyekuwa na kikohozi, akaanza kuijibu hiyo. Mbwa aliitwa Rufus, na jina lake lilijaa kila ukurasa. Jina la Muindi halikuandikwa popote, ila namba yake tu.

"Bwana, saini hii," Ndila alimwambia. "Ni kazi kidogo tu."

"Kesho. Mbwa yangu iko gonjwa."

Ndila aliikaza mikono kwenye bakora yake mpaka vidole vikauma. Lakini mgeni ni mgeni. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mvua za vuli zikaanza na wenzake wote wakawa wamepanda.

Siku moja Waziri aliinua macho, akamwona kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

"Wewe nani?"

"Mtoto ya huyu."

Waziri akavuta karatasi mpya, akachovya kalamu. Vijana wote wakasimama. Emily akaacha kufagia. Waziri aliandika polepole kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi, akapuliza wino ukauke. Ndila akamshukuru Mungu kwa sauti.

Jioni alimshika babake mkono wakaenda mlangoni. Mguu wa Muindi haukuvuka. Wa Ndila pia haukuvuka. Emily alimsukuma Ndila mgongoni kwa heshima, akajaribu tena, kisha akachukua simu, akampigia mjukuu wa Ndila kule Mlolongo.

"Mutanu, susu yako atabaki huku. Leta blanketi na dawa zake za presha."

"Sawa. Nitapita nikitoka job."

Muindi alirudi ukutani, akasogea kando, Ndila akapata mahali pa kuketi.

"Wamekupea namba gani?" akamuuliza.

Ndila akamwambia.