Greda Peke Yake

Kwaru, kwaru, kwaru. Kimya kidogo. Kisha kwaru tena, taratibu zaidi, kama mtu anayejikuna akiwa usingizini. Nilikuwa bado kwenye korido, viatu mkononi kwa sababu Dada alikuwa amepiga deki, na tayari nilijua Baba yuko kwenye lori. Tupa juu ya bati inapiga kelele, msasa juu ya mbao unanong'ona, na siku hizo ni lori tu lililokuwa limebaki na mbao ya kusuguliwa. Nikafungua mlango. Kweli, lilikuwa lori.

"Karibu, Wakili," akasema bila kugeuka. "Leo umeshinda kesi gani?"

Hilo ndilo jina alilonipa tangu utotoni, kwa kuwa sijui kunyamaza. Kazi yangu ni kuziba pancha kwenye gereji ya mtaa wa pili, na kesi ninazoshinda ni za madereva wanaoapa kwamba tairi lilikuwa zima mpaka lilipofika mikononi mwangu.

"Zote," nikasema. "Na nimekuletea tyubu."

Nikamwekea kipande cha mpira kiganjani. Alikipapasa, akakivuta, akakinusa.

"Hii imetoka kwenye lori kubwa."

"Imetoka kwenye lori kubwa, inakwenda kwenye lori dogo."

"Hapo sasa umesema neno."

Baba aliendesha greda maisha yake yote ya kazi. Zipo barabara ambazo watu wanazipita wakizungumza habari zao, wala hawajui kwamba kuna mtu aliyekaa juu ya kiti cha chuma akazilaza mpaka zikalala. Alipostaafu, mama akiwa ametangulia na nyumba imekuwa kubwa kuliko sisi, alianza kuziunda upya zile mashine za kazini, urefu wa kiganja, kwa mbao za masanduku ya matunda na bati la mikebe ya maziwa. Wala hakuunda moja moja. Aliziunda zote nne kwa pamoja: katapila ya kusukuma udongo, greda ya kusawazisha, lori la kumwaga kifusi na rola ya kushindilia. Wageni walimwuliza kwa nini asimalize moja kwanza. Aliwatazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu viwili.

"Greda peke yake itafanya nini? Ikwangue hewa?"

Ilikuwepo sababu nyingine, nayo ilikuwa gundi. Gundi nyeupe ya maseremala haitaki haraka. Ukishabandika kipande, unaondoa mkono na unakisahau. Baba akibandika mlango wa lori, alisogeza kiti hadi kwenye rola. Akitoka kwenye rola alihamia kwenye katapila. Aliizunguka meza kama mpishi mwenye sufuria nne motoni. Alipolirudia lori, mlango ulikuwa umeshika kitambo, na hakuhitaji hata kuutazama.

Kisha akaanza kugonga fremu za milango kwa bega. Mwanzo alisema nyumba imesogea. Dada akampeleka kwa daktari wa macho.

Waliporudi, Dada alikaa kwenye kochi bila kuvua mtandio. "Ni presha ya macho," akaniambia. "Imekula ule mshipa unaopeleka picha kichwani. Kilicholiwa hakirudi. Kuna matone ya asubuhi na jioni. Yatapunguza mwendo, hayatasimamisha."

"Ataona mpaka lini?"

"Nimeuliza. Daktari amesema tusijipe tarehe."

"Msinijadili kama gari lililokwama matopeni," Baba akasema kutoka mezani. "Nipo hapa hapa."

Dada ni fundi cherehani. Kwake nguo inakatwa, inashonwa, inapigwa pasi, inatundikwa, ndipo kitambaa kingine kinaguswa. Akaenda akasimama pembeni ya meza, akatazama zile mashine nne, moja haina mlango, moja haina kisu, moja haina minyororo, moja haina gurudumu la mbele.

"Baba," akasema, "chagua moja. Uimalize ungali unaiona. Ukiendelea na zote, macho yatakwisha na zote ziko nusu."

Mimi nikasimama. "Sasa unamfundisha Baba kazi yake?"

"Simfundishi. Naogopa."

"Hizi si suruali za sare, Dada."

"Na wewe si wakili kweli. Kaa chini."

Sikukaa. Nilisema zile mashine ni kikosi, na kikosi hakichaguliwi mmoja. Nilisema daktari anajua macho lakini hamjui Baba. Nilisema mtu asiyewahi kushika greda asiitie mdomo. Nilisema hata yale niliyokwisha kuyasema. Baba aliniacha nipite kama watu wanavyoacha gari la king'ora lipite.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado."

"Malizia moyoni." Akafuta mikono kwenye shati. "Dada yako ndiye aliyekaa uso kwa uso na daktari. Ameuona uso wake. Mimi sikuuona vizuri."

Hapo nikakaa. Baba akachagua greda. Nyingine akazifunga mwenyewe kwenye magazeti, moja baada ya nyingine, kama anavyofunga mtu vikombe anapohama, akazilaza kwenye boksi la viatu na kulisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Kwa greda kilichobaki ni kisu, lile bamba refu chini ya tumbo lake linalokwangua barabara. Baba alikichonga kwenye mbao nyembamba kuliko ukucha, akakikunja kwa mvuke wa birika, akakibandika. Kikakaa sawasawa. Akaondoa mkono.

Kisha hakuwa na pa kwenda. Alikaa, akagongagonga magoti yake kwa vidole. Akainuka hadi dirishani, akarudi. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kisu, akatazama, akatazama tena, mwishowe akapeleka kidole. Kisu kikalala upande. Akakwangua gundi, akapaka upya. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku iliyofuata, hadi mbao ikaanza kufura kwa kulowana na ikabidi achonge kisu kingine.

Mimi niliona pupa. Nikamwambia, "Baba, subira yako imekwenda wapi? Iache ikauke, mzee wangu."

"Subira ninayo. Tatizo sijui imekauka lini."

"Si unaona?"

"Gundi hii mbichi ni nyeupe. Ikikauka rangi inapotea, inakuwa kama maji. Ndivyo wanavyojua watu wote." Alisema akiwa ameelekea dirishani. "Sasa mimi naona weupe kila mahali. Kwa hiyo nagusa. Nikigusa, naharibu. Zamani zilikuwa nne, sikuwa na haja ya kujua. Nilipoirudia moja, ilikuwa imeshika."

Dada alikuwa amesimama mlangoni na kichupa cha matone. Sijawahi kumwona akishindwa kufungua kizibo. Siku ile alikizungusha, kikamponyoka, akainama kukiokota, akabaki pale chini muda mrefu kuliko kizibo kilivyohitaji.

"Basi zirudi," akasema akiwa bado ameinama. "Baba, tuzirudishe zote mezani. Mimi ndiye niliyekosea."

"Hujakosea. Ulisema jambo la akili." Akaegemea kiti, akafumbua macho kwa vidole kungoja tone. "Zirudisheni."

Asubuhi yake sikwenda gereji. Nilikwenda kliniki, na hasira yangu nikiwa nimeipanga vizuri, ya kwanza mbele na ya mwisho nyuma. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kikombe cha chai kilichopoa. Nikamwuliza kama wameshindwa au hawataki.

"Tumeshindwa," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, kwa ubishi, hata kwa kufukuzwa. Kwa neno lile sikuwa nimejiandaa. Nikamwuliza kama hakuna hospitali nyingine, mashine nyingine, nchi nyingine. Akanieleza kwa upole, mpaka mwisho, akachora jicho kwenye bahasha na kuonyesha pale palipokatika. Mara ya kwanza maishani nilikutana na mtu aliyenikubalia kila kitu, na sikupata hata sentimita moja. Nje nikalipiga teke jiwe. Jiwe halikufanya kosa lolote.

Mashine ziliporudi mezani, nyumba ilipata pumzi. Baba alipiga mluzi. Alibandika, akahama, akabandika, akahama. Kiti kikasikika kikikwaruza sakafu kama zamani. Nilipotoka kazini nilimkuta na gundi mpaka kwenye nyusi, akinitania kwamba mikono yangu inanuka tairi la watu wasiolipa. Nikaamini tumempata.

Jioni moja Dada aliingia na sahani ya wali, akaiweka pembeni, akalitazama lori.

"Baba, hili lori mbona…"

Akanitazama mimi. Nikatazama lori. Juu ya kibanda cha dereva, limebandikwa wima, safi, limeshika kweli kweli, lilikuwa bomba la moshi la katapila. Na katapila, kule ilikokuwa mwisho wa meza, ilikuwa na mlango wa lori ubavuni mwake. Vipande vyake vyote Baba alivichonga kwa ukubwa unaokaribiana, na siku zote alivitofautisha kwa kuvitupia jicho tu. Dada akaweka kidole mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbona mmenyamaza?" Baba akauliza.

"Hatujanyamaza," nikasema.

"Wakili akinyamaza huwa nasikia." Akanyoosha mkono, akalivuta lori, akalipapasa kuanzia nyuma: karai la kifusi, matairi, kibanda. Kidole kikapanda hadi kwenye bomba, kikakaa hapo. "La katapila," akasema.

"Limependeza lakini," Dada akasema. "Limekuwa lori la fahari."

"Usinifanyie hivyo, mwanangu." Hakupandisha sauti. "Mmeliona tangu lini?"

"Sasa hivi."

Ilikuwa kweli. Lakini hata kama tungelikuwa tumeliona wiki nzima, Dada angelisema sasa hivi, nami ningelimsaidia kuapa, na Baba alilijua hilo. Aliliweka lori chini kwa uangalifu wa mtu anayemrudishia jirani kitu cha watu. Hakula.

Siku ya pili nilirudi mapema, nikamkuta amekaa. Boksi la viatu lilikuwa mezani, na ndani yake zilikuwamo mashine tatu, bila magazeti safari hii. Nje ilibaki greda.

"Moja imenishinda na nne zimenishinda," akasema. "Vuta kiti."

"Nipe nikubandikie mimi, Baba. Wewe uniambie tu wapi."

"Mkono wako ni wa pancha. Utaibandika kama kiraka."

"Nitajitahidi."

"Sijasema hujitahidi. Nimesema kiraka." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha mahali kisipostahili. "Mkono bado ninao. Nataka macho. Uniazime."

Akachukua kisu kipya, akakipaka gundi kwa ncha ya kijiti. Alitafuta tumbo la greda kwa kidole gumba, akapata mahali, akakiweka. Kilikaa vema, hata mimi niliyezoea makubwa niliona kimekaa vema. Akaondoa mkono na kuuweka juu ya goti, kama mtu anayemkalisha mtoto mtukutu.

Tukakaa. Mtaani mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Imekauka?" akauliza.

Nikainama. Mstari wa gundi ulikuwa mweupe pe, kama maziwa.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umeelekea kwangu, lakini si sawasawa. Ulikuwa umelenga karibu na sikio langu, na ulikuwa ukitaka nikubali. Sijui nielezeje. Mtu aliyelaza barabara za watu alikuwa ananiomba habari njema kwa nyusi tu. Ulimi ulishaanza kuniwasha. Mimi ninayejua kushinda kesi za uongo, kusema ndiyo kungenigharimu nini?

"Wakili," akasema, "ukinidanganya kwa huruma nitajua. Kidole kitaniambia, na kidole kikishaniambia, kisu kimekwisha. Dada yako hawezi kazi hii, ana moyo laini sana. Wewe una mdomo mkali. Uutumie hapa. Na nitauliza tena, mara nyingi, mpaka uchoke. Siku nyingine nitauliza hata mambo ya nje ya meza hii, kama taa imewashwa, kama ni asubuhi. Useme lililopo tu. Niahidi."

Pikipiki ikawaka, ikazima.

"Nakuahidi, Baba," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo kuliko ninavyoifahamu. "Ikiwa mbichi nitakuambia ni mbichi. Na sasa bado ni mbichi."